Bustani chini ya daraja: Chicano Park ni ya nani?

Chicano Park unaisikia kabla hujaiona vizuri. Magari yanapita juu ya kichwa chako, kwenye barabara zinazopanda Daraja la Coronado mjini San Diego, California, na muungurumo wao haukomi mchana wala usiku. Ukiinua macho unakutana na nguzo za zege, ndefu na nene, kila moja ikiwa imefunguka kwa juu kama mtu aliyeinua mikono yote miwili kushika mzigo. Nguzo hizo zimechorwa kuanzia chini hadi pale mikono inapoanza. Huku yuko Quetzalcoatl, yule nyoka mwenye manyoya wa wahenga wa Meksiko, kule Emiliano Zapata, kiongozi wa mapinduzi ya Meksiko, na masharubu yake, na kwingine mchoraji Frida Kahlo, Bikira Maria wa Guadalupe, na wakulima walioinama mashambani. Chini yao watoto wanacheza, wazee wamekaa kwenye mabenchi, na wachezaji wa ngoma za Kiazteki wanafanya mazoezi, njuga zikilia miguuni.

Picha zilizochorwa hapo ni zaidi ya 80, na hakuna mahali pengine nchini Marekani palipokusanya michoro mingi ya Wachicano kuliko hapo. Eneo lenyewe ni dogo, kama ekari 7 na kidogo. Lakini ndani ya ekari hizo kuna mafundo ambayo watu wengi hushindwa kuyafungua. Ardhi ni ya nani? Chicano ni nani, na ana tofauti gani na Mlatino? Na bustani ya umma iliyopewa jina la watu fulani, yenye mashujaa wao na miungu yao ya kale, inawezaje kusemwa kuwa ni ya kila mtu? Hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Naamini Chicano Park inalijibu vizuri kuliko bustani nyingi zilizojengwa kwa makusudi ya "kujumuisha wote", ila jibu lake halieleweki bila historia ya mtaa wenyewe.

Tuanze na jina. "Mlatino" ni neno pana, la kumwita mtu yeyote mwenye asili ya Amerika ya Kilatini: Mmeksiko, Mperu, Mbrazili, Mkuba. "Mhispania", kwa maana inayotumika Marekani, ni mtu mwenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania, kwa hiyo Mbrazili anaweza kuwa Mlatino asiwe Mhispania. "Mchicano" ni jina jembamba zaidi na lenye moto zaidi. Ni Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, hasa yule anayelibeba jina hilo kwa kutaka. Zamani lilikuwa neno la kudharauliana. Katika miaka ya 1960 vijana waliokuwa wakidai haki shuleni, mashambani na mitaani waliliokota, wakalifuta vumbi, wakalivaa kifua mbele. Kumbuka pia kwamba California ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi vita vya Marekani na Meksiko vilipoisha mwaka 1848 kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo. Ndiyo maana Wachicano wana msemo kwamba wao hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Na kabla ya Wahispania waliotoka Hispania na kabla ya Wameksiko, pwani hiyo ilikuwa ya wenyeji wa asili, Wakumeyaay, ambao wapo mpaka leo.

Mtaa unaoizunguka bustani unaitwa Barrio Logan. "Barrio" kwa Kihispania ni mtaa tu, lakini hapo neno hilo lina uzito wa nyumbani. Wameksiko waliongezeka sana baada ya mapinduzi ya mwaka 1910 kuwatoa makwao, wakapata kazi kwenye viwanda vya kusindika jodari na karakana za meli. Walikuwa na ufukwe wao pia. Mtoto alitoka nyumbani, akashuka mtaa mmoja miwili, akaingia majini kuogelea au kuvua.

Ufukwe ndio uliotangulia kwenda. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, jeshi la majini na viwanda vya ulinzi vilijaza pwani, na watu wa Logan wakafungiwa njia ya kwenda kwenye maji yao wenyewe. Katika miaka ya 1950 mji ukabadilisha matumizi ya ardhi ya mtaa ili viwanda vichanganyike na makazi. Tafsiri yake mtaani ilikuwa yadi za vyuma chakavu. Wakazi huziita "yonkes". Unaamka asubuhi, nyumba ya jirani imegeuka lundo la magari mabovu, mafuta yanavuja mpaka kwenye njia ya miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaletwa barabara kuu ya I-5, ikaupasua mtaa katikati kama mtu anavyopasua papai. Walioitwa majirani jana wakajikuta kila mmoja upande wake wa ukuta wa magari.

Kisha daraja. Coronado ni mji wa kitajiri ng'ambo ya ghuba, na kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko. Daraja lilifunguliwa Agosti 1969, likiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 3. Meli za kivita zilipaswa kupita chini yake, kwa hiyo lilipandishwa kama mita 60 juu ya maji na kupindishwa ili mteremko usiwe mkali. Daraja refu namna hiyo halianzii ukingoni mwa maji, huanza kupanda mbali, nchi kavu. Nchi kavu hiyo ilikuwa Barrio Logan. Nyumba zikabomolewa, na mahali zilipokuwa zikasimama nguzo. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, wakazi wa Logan walikuwa kama 20,000 kabla ya mambo haya, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamebaki kama 5,000.

Haya ndiyo yanayowapotea wanaoiona bustani leo na kusema tu "pamechorwa vizuri". Nguzo zile zimesimama juu ya sebule za watu.

Wakazi walikuwa wameomba bustani kwa miaka, na waliahidiwa kwamba ardhi iliyobaki wazi chini ya daraja ingekuwa hiyo bustani. Tarehe 22 Aprili 1970 mwanafunzi wa chuo, Mario Solis, alipita hapo akaona buldoza zinasawazisha ardhi. Akauliza wafanyakazi kinachojengwa. Akaambiwa ni kituo cha polisi wa barabara kuu wa jimbo, pamoja na maegesho ya magari yao.

Jiweke mahali pa mkazi wa mtaa ule. Umenyang'anywa bahari, umeletewa vyuma chakavu, umekatwa na barabara, umebomolewa nyumba kupisha daraja, na sasa kile kipande kimoja cha ardhi ulichoahidiwa kama kifuta jasho kinapewa polisi. Solis akakimbia mlango kwa mlango na kwenye madarasa kutoa habari. Wanafunzi wakatoka shuleni, kina mama wakatoka majikoni. Ndani ya saa chache mamia ya watu walikuwa uwanjani, wengine wameshikana mikono kuzizunguka buldoza, wengine wakitumia zana zilizokuwepo kusawazisha ardhi kwa ajili ya bustani yao. Bendera ya Aztlán, nchi ya asili ya Waazteki katika masimulizi, ikapandishwa juu ya mlingoti wa simu. Watu wakaanza kupanda maua, mipungate na magwei.

Hapo kwenye magwei naomba nisimame kidogo. Magwei ni ndugu wa mkonge. Mtu wa Tanga au Korogwe akiuona mmea huo hatahitaji kuambiwa, yale majani marefu yenye ncha ya mwiba atayatambua kwa mbali. Na undugu huo si wa kufananisha tu. Mkonge wetu wenyewe asili yake ni Meksiko, rasi ya Yucatán, na uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kwetu ukawa mmea wa mashamba makubwa na kazi ngumu. Kwao ni mmea wa nyumbani, wa kamba, kinywaji na dawa, na siku ile ulipandwa kama mtu anavyopanda mnazi kuonyesha kwamba hapa pana mwenyewe.

Walikaa siku 12. Familia zilileta chakula, watu walilala pale pale kwa zamu, huku wawakilishi wao wakizungumza na mji na jimbo. Serikali ikakubali kutafuta ardhi nyingine kwa ajili ya polisi na kuiacha hiyo iwe bustani. Wakazi wakaondoka kwa sharti kwamba ahadi ikivunjwa wanarudi. Bustani ya kwanza ilikuwa na ekari 1.8 tu, nyingine zikaongezeka kidogo kidogo.

Wazo la rangi lilitoka kwa Salvador Torres, msanii aliyekulia mtaani hapo na kurudi baada ya masomo. Wengine walipoona nguzo kama makaburi ya nyumba zao, yeye aliona kurasa tupu. Ilichukua karibu miaka mitatu kupata ruhusa ya jimbo, na Machi 1973 kazi ikaanza. Zege halipokei rangi hivi hivi. Kuta zilioshwa kwanza kwa asidi, zikasuuzwa kwa maji na kupakwa dawa ya kuzizibia, ndipo brashi zikaingia. Siku za mwanzo hazikuwa za wasanii peke yao. Yeyote aliyefika alipewa brashi, awe mtoto au bibi, na baadaye wasanii wakapita kunyoosha mistari. Wakaja wachoraji wa Los Angeles na Sacramento pia, wakiwemo wanawake waliochora nguzo zao mwaka 1975. Mwishoni mwa miaka ya 1970 katikati ya bustani kukajengwa jukwaa, kioski kama wanavyoliita. Badala ya kuliiga lile la viwanja vya miji ya Kihispania walilipa umbo la hekalu la Kimaya.

Sasa fundo la umiliki. Wageni wengi hudhani mambo ni mawili, ama bustani ni ya serikali au ni ya Wachicano. Ukweli una tabaka tatu, zimelaliana kama mikeka.

Daraja, nguzo zake na ardhi iliyo chini yake viko mikononi mwa jimbo la California, kupitia idara yake ya uchukuzi, Caltrans. Idara hiyo ina wajibu wa usalama wa daraja, kwa hiyo inakagua nguzo na kuzitengeneza zinapohitaji. Bustani kama bustani, yaani nyasi, vyoo, taa na usafi, ni jukumu la mji wa San Diego. Michoro, sherehe, bendera, na uamuzi wa nani achore nini na wapi, viko kwa wakazi kupitia kamati yao ya kujitolea iliyozaliwa mwaka ule ule wa 1970, Chicano Park Steering Committee. Kamati hiyo haina hatimiliki ya ardhi wala haiwezi kuuza hata sentimita moja. Ilichonacho ni mazoea ya zaidi ya nusu karne, na kumbukumbu ya kila ofisa kwamba watu hawa walishasimama mbele ya buldoza.

Tabaka hizi zikigongana ndipo unapoona jinsi mpangilio unavyofanya kazi. Katika miaka ya 1990, baada ya matetemeko makubwa ya ardhi California, jimbo lilitaka kuziimarisha nguzo za madaraja. Njia ya kawaida, ya kuzifunika nguzo kwa zege jipya au chuma, ingeifukia michoro. Kiserikali kila kitu kilikuwa sawa: daraja ni la jimbo, na usalama ni usalama. Wakazi hawakukataa daraja liimarishwe. Walikataa kuzikwa mara ya pili. Wahandisi wakalazimika kutafuta njia nyingine, na michoro ikanusurika. Mwaka 2011 na 2012 idara hiyo hiyo ikawa mshirika katika kuikarabati michoro kadhaa iliyochakaa, na baadhi ya wasanii waliochora wakiwa vijana walirudi kupanda majukwaa na nywele zao nyeupe, kuchora upya mistari yao wenyewe.

Kuna na tabaka la heshima. Mji ulilitambua eneo kuwa la kihistoria mwaka 1980. Mwaka 2013 likaingia kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na mwishoni mwa 2016 likapandishwa kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa, daraja la juu kabisa la utambuzi huo. Watu husikia hivyo wakadhani sasa serikali kuu ndiyo mmiliki, au kwamba hakuna anayeweza kugusa kitu. Sivyo. Umiliki haubadiliki. Kinachobadilika ni kwamba mradi wowote wenye fedha au kibali cha serikali kuu lazima kwanza upime madhara yake kwa eneo hilo na kusikiliza wahusika. Ni kinga, ila ni kinga ya kuchelewesha na kulazimisha mazungumzo, haifungi mlango kabisa.

Na kuna kitu ambacho hakuna cheti kinachokizuia. Oktoba 2016, wakati wa sherehe bustanini, gari dogo la mizigo liliruka ukingo wa daraja likaangukia umati uliokuwa chini. Watu 4 walikufa. Kukaa chini ya barabara ya watu wengine kuna gharama, na siku ile ililipwa na watu waliokuja kustarehe.

Nirudi kwenye swali la ukaribisho. Mipango miji ya siku hizi inapenda bustani zisizo na sura: nyasi, benchi la chuma, ubao wa kanuni. Hoja ni kwamba ukiweka alama za watu fulani, wengine watajiona hawatakiwi. Mimi naona kinyume. Mgeni hakaribishwi na nyumba, anakaribishwa na mwenyeji. Mahali pasipo mwenyeji unaweza kuingia na kutoka mara mia, hakuna aliyekuambia karibu, na hakuna anayeona kama hukurudi. Chicano Park ina wenyeji, na wameandika kwenye kila nguzo wao ni nani na walitoka wapi. Ukishajua uko kwa nani, unajua pia namna ya kuingia.

Mifano haihitaji kutafutwa mbali. Mario Torero, mmoja wa wachoraji wake wakubwa, ni mzaliwa wa Lima, Peru, siyo Mmeksiko. Nguzo inayosimulia mateso ya mfanyakazi asiye na hati, ya mwaka 1980, ilichorwa na Michael Schnorr, ambaye hakuwa Mchicano kwa asili. Hawakuulizwa ukoo. Waliulizwa kama wako tayari kuchora kile ambacho mtaa unataka kukisema. Kila Aprili, Siku ya Chicano Park inapofika, magari yaliyoshushwa hadi kukaribia lami yanapangwa mtaani, yameng'arishwa mpaka unajiona usoni, na wanaokuja ni wa kila rangi. Kilomita chache kaskazini, City Heights, wanaishi Wasomali na Waafrika wengine wa mashariki, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za Kenya na Kiswahili kikawa lugha yao ya njiani. Mtu aliyewahi kuhamishwa na kuambiwa ardhi ina matumizi mengine hahitaji mkalimani mbele ya michoro ile.

Ukaribisho huo una mpaka, na ni haki uwepo. Septemba 2017 kikundi kidogo kilichoiona michoro kuwa ya kuipinga Marekani kilipanga kwenda bustanini kuonyesha hasira yake. Mamia ya wakazi na marafiki zao walijitokeza kulinda nguzo zao. Wapo waliosema bustani ya "wote" isingemzuia yeyote. Lakini kumkaribisha mgeni hakujawahi kumaanisha kumkabidhi tindo abomoe ukuta.

Kigumu zaidi ni kinachotokea nje ya bustani. Umaarufu umevuta wageni, wageni wamevuta mikahawa na nyumba za sanaa, na kodi za nyumba zimepanda. Alama ya Kihistoria ya Taifa inamlinda Zapata wa rangi, haimlindi mpangaji anayeishi jirani naye. Hewa nayo ni nzito kwa moshi wa malori, bandari na viwanda, na pumu kwa watoto imekuwa kilio cha mtaa kwa muda mrefu. Mwaka 2013 baraza la mji lilipitisha mpango mpya wa kutenganisha viwanda na makazi. Sekta ya ujenzi wa meli ikaupinga, suala likapelekwa kwenye kura ya mji mzima, na Juni 2014 mpango ukaangushwa na wapigakura ambao wengi wao hawaishi karibu na moshi huo. Wakazi wakaanza upya, na Desemba 2021 baraza likapitisha mpango mwingine wenye eneo la kinga kati ya nyumba na karakana.

Tangu siku za mwanzo walikuwa na dai moja wanaloliimba kwa kifupi: mpaka ghubani. Walitaka bustani yao iteremke mpaka kwenye maji waliyonyimwa wakati wa vita. Baada ya miaka ya kupigania, dai lilikubaliwa, na leo kuna bustani ndogo ya ufukweni yenye gati, iliyopewa jina la César Chávez, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani. Mtoto wa Barrio Logan anaweza tena kusimama na kutupa ndoano. Ila kati ya bustani hizo mbili bado kuna reli, malori na kuta za viwanda, na anayetoka nguzoni kwenda majini anapita humo, kwa mguu, pembeni ya barabara.